Vuli Kanda ya Ziwa: "Juu ya Wastani" Maana Yake Nini Shambani na Majini?

Mwelekeo wa mvua za Vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, ukishatangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), maswali ya wasomaji wa pande za Ziwa Victoria huanza kumiminika. Mengi yana mzizi mmoja: msomaji ameisikia taarifa ya miezi mitatu, kisha anataka imwambie la kufanya kesho asubuhi. Tumejibu machache, tukianza na lile linaloulizwa kuliko yote.

Mwelekeo ukisema mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, mbona bado jua linaweza kukausha mahindi mwezi wa Novemba? Nani amekosea, utabiri au mimi?
*Mkulima, Kwimba*

Huenda hakuna aliyekosea. Tuanze na neno "wastani" lenyewe. Katika taarifa za TMA, mvua za wastani ni zile zinazofikia kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Zikipungua asilimia 75 zinaitwa chini ya wastani, zikizidi 125 ni juu ya wastani. Chukua mahali ambapo Vuli ya kawaida ni milimita 400. Hapo msimu wa milimita 300 ni wastani, na wa milimita 500 pia ni wastani. Kati ya hizo mbili kuna pengo la milimita 200, na ghala la mkulima hujaa au hubaki tupu ndani ya pengo hilohilo.

Pili, hiyo ni jumla ya msimu mzima. Mvua inaweza kushuka milimita 250 katika wiki mbili za Oktoba, ikakatika siku ishirini za Novemba, ikarudi Desemba na kufunga hesabu ya "wastani" bila kosa. Mahindi hayasomi jumla. Yanahitaji maji zaidi kuanzia wiki mbili kabla ya kutoa mbelewele hadi wiki mbili baada yake. Kiangazi cha siku kumi na tano kikiangukia hapo, mvua ya Desemba haikurudishii punje. Ndiyo maana tunasisitiza: ukipata taarifa ya mwelekeo usiishie kwenye sentensi ya kwanza. Tafuta mistari mitatu inayofuata, wa mvua kuanza, wa mvua kuisha na wa mtawanyiko. Ukikuta maneno "mtawanyiko usioridhisha" au "vipindi virefu vya ukavu", yape uzito kuliko kiasi cha mvua.

Tatu, mwelekeo ni uwezekano. Ramani ikionyesha asilimia 45 kwa juu ya wastani, 35 kwa wastani na 20 kwa chini ya wastani, maana yake katika miaka kumi inayofanana na huu, miwili hivi ingekuwa ya ukame. Anayepanda ekari zote kwa kuitegemea ile 45 ameicheza kamari hiyo 20 bila kujua.

Tumia basi mwelekeo kwa maamuzi ya miezi: mbegu ya siku ngapi ununue, ekari ngapi ziwe za mahindi na ngapi za mtama au mihogo, mfereji uzibuliwe sasa au baadaye. Siku ya kupanda iulize taarifa ya siku kumi. Saa ya kuingia majini iulize taarifa ya saa 24. Kosa kubwa tunaloliona ni kuibebesha taarifa moja kazi ya zote tatu.

Redio ikisema "El Nino inakuja", nijiandae kwa mafuriko?
*Msomaji, Magu*

Jiandae, lakini El Nino ni habari ya Bahari ya Pasifiki, maji yake ya tropiki yakipata joto kuliko kawaida. Uliza na la pili: Bahari ya Hindi ikoje? Vuli yetu huiitikia zaidi tofauti ya joto kati ya maji ya upande wetu wa Afrika Mashariki na yale ya karibu na Sumatra, jambo linaloitwa Daipoli ya Bahari ya Hindi. Upande wetu ukiwa na joto kuliko kawaida na ule wa Sumatra ukapoa, daipoli ni chanya na mvua huongezeka. Mwaka 1997 El Nino na daipoli chanya vilikuja pamoja, na matokeo yake yanakumbukwa hadi leo. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kali sana, lakini daipoli haikuwa na nguvu kama ile ya 1997, na Vuli haikuwa ya namna hiyo. Kinyume chake ni 1961 na 2019: hapakuwa na El Nino ya kutajika, ila daipoli ilikuwa chanya mno na mvua zilifurika. Upande wa ukame, La Nina (maji yaleyale ya Pasifiki yakipoa kuliko kawaida) ikiambatana na daipoli hasi, kama 2010 na 2022, Vuli huwa dhaifu.

Na ndani ya msimu wowote, mvua huja kwa vipindi. Kuna wimbi la hewa linaloizunguka dunia kwenye ukanda wa tropiki kwa siku 30 hadi 60. Likipita upande wetu mvua hunenepa, likisogea mbele hupungua. Ndiyo sababu Vuli "mbaya" huweza kuwa na wiki ya gharika, na Vuli "nzuri" ikawa na wiki tatu kavu.

Kwa nini Bukoba kunanyesha hivi na Musoma hivi, ilhali ziwa ni moja?
*Mwanafunzi, Musoma*

Upepo mkuu wa eneo hili huvuma kutoka mashariki. Hewa ikivuka ziwa hubeba unyevu, kisha humwaga mzigo upande wa magharibi. Usiku nao, mawingu yanayozaliwa juu ya maji husukumwa upande huohuo. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Musoma haifiki nusu yake. Mkulima wa migomba wa Kagera na mkulima wa Mara wakisoma neno "wastani" kwenye taarifa moja, wanasoma namba mbili tofauti kabisa. Muulize afisa ugani wako wastani wa kituo kilicho karibu nawe, na uuandike ukutani.

Tunatoka jioni anga likiwa jeupe, saa tisa usiku tufani inatukuta na taa zinawaka. Kuna dalili ya kuijua mapema?
*Mvuvi wa dagaa, Ukerewe*

Ipo, na nyingine huonekana kabla hujafungua kamba.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Hewa hiyo hupanda juu ya ardhi, hasa kwenye miinuko ya mashariki, na ngurumo hupiga huko kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku. Juu ya ziwa anga hubaki safi. Hilo ndilo anga jeupe mnaloliona wakati wa kuondoka. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, upepo wa pande zote hutelemka kuelekea ziwani na kukutana katikati. Hewa haina pa kwenda ila juu. Mawingu ya radi hujengeka juu ya maji kuanzia usiku wa manane, na hatari hubaki hadi saa tatu asubuhi hivi. Mvuvi wa dagaa amepangiwa zamu saa zilezile ambazo ziwa hutengeneza tufani zake.

Dalili ya kwanza basi ni alasiri ya upande wa mashariki. Siku ambayo ngurumo zimekuwa nyingi na nzito nchi kavu mashariki mwa ziwa, uwezekano wa tufani kali majini usiku unaofuata huongezeka. Kama mnaona vichwa vya mawingu vimepanda kama koliflawa na juu vimetandazika kama fuawe, na umeme ukaendelea kumulika upande huo baada ya magharibi, usiku huo si wa kwenda mbali.

Ya pili ni taarifa ya TMA ya jioni. Tahadhari zake zina ngazi tatu: angalizo (njano), tahadhari (rangi ya chungwa) na tahadhari kubwa (nyekundu). Upepo unaotajwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 usiuchukulie kama wa baharini. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesimama wima. Mtumbwi haupati nafasi ya kupanda moja kabla la pili halijaupiga. Mita 2 za Ziwa Victoria zinaweza kuuzamisha mtumbwi ambao baharini, kwenye mawimbi marefu ya kimo hichohicho, ungepanda na kushuka tu.

Mkiwa tayari majini, hesabuni. Kuanzia mmweko hadi muungurumo, gawanya sekunde kwa tatu, unapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na tufani inayosogea kilomita 30 kwa saa itafika baada ya dakika 20. Mtumbwi uliosheheni nyavu hauwezi kushindana nayo. Upepo baridi wa ghafla ukiwapiga usoni kabla ya tone la kwanza, hiyo ni hewa iliyoporomoka kutoka ndani ya wingu. Mna dakika chache tu, na ule upepo wa mbele mara nyingi ndio unaopindua mitumbwi kuliko mvua yenyewe.

Hapo fanyeni hivi. Kila mtu avae boya lake. Boya lililokaliwa halimwokoi mtu. Nyavu ikiwa bado majini na haivutiki, fungeni dumu tupu kama alama na muiachie. Shusheni uzito wote chini sakafuni, watu wakae chini pia. Elekezeni omo kwenye wimbi, injini iende polepole, msiruhusu mtumbwi uwe ubavu. Injini ikizima, fungeni ndoo au gunia lililo wazi mdomo kwenye kamba ya omo na mlitupe majini; litavuta na kuushikilia mtumbwi uangalie upepo. Mmoja kazi yake iwe kukumba maji tu.

Tunajua kinachowasukuma watu kutoka: dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikija kazi imesimama, na kila usiku wa giza ni hela. Hata hivyo, giza la mwezi mmoja lina usiku kama ishirini hivi wa kazi. Kukaa nchi kavu usiku mmoja au mbili zenye tahadhari ya rangi ya chungwa ni hasara inayohesabika.

Simu ikiwashwa ndani ya mtumbwi huvuta radi?
*Msomaji, Kisiwa cha Kome*

Haivuti. Kinachovuta ni kimo: kwenye maji tambarare, aliyesimama au mlingoti wa taa ndicho kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita nyingi. Laza mlingoti, kaa chini, usishike injini wala chuma. Simu ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, utaihitaji.

Vuli dagaa zangu huoza kabla hazijakauka. Nifanyeje?
*Mchakataji, mwalo wa Igombe*

Acha mchanga. Mchanga ulionyeshewa jana hurudisha unyevu kwenye dagaa kutoka chini hata jua likiwaka juu. Tumia kichanja cha wavu, kimo cha kiuno, hewa ipite chini na juu. Tandaza safu moja, dagaa zisilaliane. Kurundika ndiko kunakoozesha, kwa sababu zile za chini hubaki na maji hadi jioni na nzi huzimaliza. Geuza kila baada ya saa moja au mbili.

Turubai la plastiki liwe karibu, na utakapofunika acha pande mbili wazi. Ukizifunga kabisa zikiwa na joto, mvuke hurudi kama matone na kazi ya asubuhi inaharibika. Dagaa iliyokauka huvunjika ukiikunja, ikipinda, bado. Subiri ipoe ndipo ufunge gunia, na gunia likae juu ya chaga. Taarifa ikisema siku nzima ni mvua, usinunue mzigo mkubwa wa kuanika siku hiyo, au uwe na chumvi na sehemu ya kubanika tayari.

Mvua ya kwanza ikinyesha nipande, au nisubiri? Mwaka nikisubiri nachelewa, nikiwahi mbegu inaungua.
*Mama mkulima, Misungwi*

Mama, unachokieleza wataalamu hukiita mwanzo wa uongo, na kinakula mbegu nyingi kuliko wadudu. Kipimo kinachotumika ni hiki: mvua imeanza ikifika milimita 20 ndani ya siku tatu, na baada ya hapo pasiwe na ukavu wa zaidi ya siku saba katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu ya kwanza unaipima mwenyewe. Ya pili huwezi kuiona, ndipo taarifa ya siku kumi inapoingia.

Usipokuwa na kipimo cha mvua, chimba. Udongo uwe umelowa hadi sentimita 15 au 20, siyo juu tu. Chukua konzi ya udongo wa chini, ufinye: ukishikamana bila kutoa maji, unatosha, ukimomonyoka, mvua haijafika. Mvua ya milimita 8 au 10 ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inatosha kuiamsha mbegu lakini haitoshi kuilea.

Gawanya shamba. Panda theluthi mbili masharti yakitimia, theluthi moja baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Mbelewele hazitatoka siku moja, hivyo ukavu hautakamata shamba lote. Mahindi yapande sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mbegu moja kila shimo, kina cha sentimita 5. Kwa ekari hiyo ni mimea karibu 18,000, na kilo 8 hadi 10 za mbegu zinatosha.

Kuhusu mbegu, hesabu kwa kurudi nyuma. Mvua zikitarajiwa kupungua mwishoni mwa Desemba, mbegu ya siku 120 au zaidi iliyopandwa katikati ya Oktoba hutoa mbelewele katikati ya Desemba na kujaza punje Januari, maji yakiwa yamepungua. Ya muda mfupi, ya siku 90 hadi 100, hutoa mbelewele mwanzoni mwa Desemba na kuwahi. Ukichelewa hadi katikati ya Novemba, usilazimishe mahindi. Weka maharage ya siku 75 kama ardhi yako inashika maji, au nenda kwenye mtama.

Matuta yanataka akili kidogo. Kwenye udongo wa kichanga wa vilimani, piga matuta kukingama na mteremko, kisha funga mfereji kwa vizuizi vidogo kila mita 2 au 3. Kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta. Kikilingana nalo, maji yakizidi yatavunja tuta badala ya kumwagikia sehemu inayofuata ya mfereji, na tuta moja likivunjika huvunja yote ya chini. Kwenye mbuga nyeusi usifunge kabisa. Udongo ule hunywa polepole, ukiufunga mwaka wa juu ya wastani mizizi itakosa hewa na mahindi yatageuka njano, kisha watu waseme ni upungufu wa mbolea.

Na mbolea yenyewe: urea ya kukuzia weka wiki ya tatu au ya nne, udongo ukiwa na unyevu, uifukie. Kukiwa na tahadhari ya mvua kubwa, ambayo kwa TMA ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24, subiri ipite. Vinginevyo umewawekea mbolea samaki.

Tunataka kupima mvua shuleni. Chupa ya plastiki inafaa?
*Mwalimu, Geita*

Inafaa iwapo pande zake zimenyooka. Kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, hakiko bapa, kwa hiyo mimina saruji au weka kokoto na maji hadi pale upande unapoanza kunyooka. Hapo ndipo sifuri ya rula yako. Mdomo wa faneli uwe na upana uleule wa chupa. Ukiwa mpana zaidi, kipimo kitadanganya kwenda juu, na hili ndilo kosa linaloharibu vipimo vingi vya nyumbani.

Kisimikwe wazi, mdomo ukiwa karibu mita 1 kutoka ardhini, mbali na mti au jengo angalau mara mbili ya kimo chake. Someni kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile vituo vya hali ya hewa vinaposoma, halafu mwage maji isipokuwa yale ya sifuri. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Wanafunzi wakitaka hesabu ya haraka: paa la bati la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, toa asilimia 20 zinazopotea kwa kuruka na kuvuja, tanki linapata lita 800.

Vuli ikiwa juu ya wastani, maji ya ziwa yatafika nyumbani kwangu mwezi uleule?
*Mkazi wa ufukweni, Bunda*

Mara chache. Ziwa lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na sehemu kubwa ya maji yake, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Mito huleta iliyobaki. Beseni la ukubwa huo hujaa polepole na hupungua polepole zaidi. Kina huwa cha chini mwishoni mwa kiangazi, hupanda kwa Vuli, na kilele huja baada ya Masika, karibu Mei na Juni. Mvua za 1961 zilianzisha kupanda kwa zaidi ya mita 2 kulikoendelea hadi 1964. Vuli ya 2019 ilifuatwa na kilele cha Mei 2020 kilichofikia rekodi ile ya 1964, na mwaka 2024 maji yalipita hapo.

Kwa hiyo angalia vitu viwili. Kama Vuli imekuwa nzito, hesabu yako ya tahadhari ni Machi hadi Juni, hasa Masika nayo ikitabiriwa kuwa kubwa. Mapema zaidi ya hapo, kinachoingia nyumbani ni mawimbi ya upepo juu ya maji yaliyokwisha kupanda. Chomeka kijiti ukingoni leo, kiwekee alama kila sentimita 10, na usome wakati hakuna upepo, asubuhi baada ya mawimbi kutulia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni; choo cha shimo kilicho ndani ya mita hizo ndicho cha kuhamisha kwanza, kabla hata ya ukuta wa nyumba, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi hukifikia kabla wewe hujayaona uani.